Doris Miller: Shujaa wa Pearl Harbor aliyerudishwa jikoni

DORIS Miller aliandikwa katika Jeshi la Wanamaji la Marekani ili aandae meza, aoshe vyombo, atandike vitanda vya maafisa na kuwang’arishia viatu. Kupigana vita hakukuwa sehemu ya kazi yake, na hakuna aliyewahi kumfunza kulenga shabaha kwa bunduki kubwa za manowari.

Hata hivyo, kila linapotajwa shambulio la Pearl Harbor la Desemba 7, 1941, jina lake huwa miongoni mwa yale yanayotangulia kukumbukwa. Wapenzi wengi wa filamu walimfahamu mwaka wa 2001 kupitia filamu ya Pearl Harbor, ambamo mwigizaji Cuba Gooding Jr alishika nafasi yake.

Lakini kisa cha baharia huyu ni kirefu kuliko ushujaa wa asubuhi moja. Ni kisa cha kijana aliyesifiwa na taifa zima, akavishwa nishani na admirali, uso wake ukachorwa kwenye mabango ya kuvutia vijana weusi jeshini, kisha akarejeshwa jikoni. Alikufa baharini mnamo Novemba 1943 akiwa na umri wa miaka 24, na cheo chake kilikuwa kile cha mpishi.

Mtoto wa wakulima wa pamba

Miller alizaliwa Oktoba 12, 1919, karibu na mji wa Waco katika jimbo la Texas, kusini mwa Marekani. Wazazi wake, Connery na Henrietta Miller, walijaliwa watoto wanne, wote wavulana, naye akawa wa tatu.

Jina Doris kwa kawaida ni la kike. Inasimuliwa kwamba mkunga aliyemhudumia mamake alikuwa na hakika kwamba mara hii angezaliwa msichana, na jina likawa limekwisha kuandaliwa. Mvulana alipofika, jina halikubadilishwa. Baadaye magazeti yangemwita Dorie, na watu wengi bado humjua kwa jina hilo.

Familia ya Miller iliishi kwa kilimo cha kugawana mavuno. Chini ya utaratibu huo, mkulima hulima shamba lisilo lake, na msimu wa mavuno ukifika humkabidhi mwenye ardhi sehemu kubwa ya mazao. Maelfu ya familia za watu weusi kusini mwa Marekani, wengi wao vizazi vya waliokuwa watumwa, ziliishi hivyo, mara nyingi zikifunga mwaka zikiwa na madeni kuliko zilivyouanza. Watoto wa Miller walizoea kazi ya shamba tangu wakiwa wadogo.

Waco yenyewe ilikuwa na historia ya kutisha. Mnamo Mei 1916, miaka mitatu tu kabla ya Miller kuzaliwa, umati wa maelfu ya watu ulimtoa mahakamani kijana mweusi wa miaka 17, Jesse Washington, na kumchoma moto hadharani katikati ya mji. Picha za unyama huo zilipigwa na kuuzwa kama kadi za posta. Mtoto mweusi aliyekulia mahali hapo alijua mapema mipaka aliyowekewa, shule aliyoruhusiwa kusomea na mlango aliopaswa kupitia.

Miller alisomea shule ya upili ya A.J. Moore, iliyokuwa ya wanafunzi weusi pekee. Alikuwa kijana wa miraba minne, mwenye kimo cha zaidi ya futi sita, na akasifika katika timu ya mpira wa Kimarekani, ule unaofanana na raga. Lakini miaka hiyo ya 1930 ilikuwa ya mdororo mkubwa wa uchumi. Kazi zilikuwa adimu, na nyumbani palihitajika msaada wake. Aliacha shule kabla ya kuhitimu.

Mnamo Septemba 1939, wiki chache kabla ya kutimiza miaka 20, alifika mjini Dallas na kujiandikisha katika Jeshi la Wanamaji. Huko angelipwa mshahara wa kila mwezi, na sehemu yake angeweza kuwatumia wazazi.

Jeshi lenye milango miwili

Jeshi alilojiunga nalo lilikuwa na mlango mmoja wa weupe na mwingine wa weusi. Watu weusi walikuwa wamehudumu katika meli za kivita za Marekani tangu enzi za vita vya uhuru vya karne ya 18, wakati mwingine bega kwa bega na weupe. Hali hiyo ilibadilika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Tangu 1919 hadi 1932, Jeshi la Wanamaji lilikoma kabisa kuandikisha vijana weusi, na kazi za mezani likawapa zaidi watu kutoka Ufilipino, nchi iliyokuwa chini ya utawala wa Marekani.

Milango ilipofunguliwa tena kwa watu weusi, ilifunguliwa upande wa jikoni pekee. Kijana mweusi aliyejiandikisha aliingizwa katika kundi la wahudumu wa chakula, na humo ndimo alimopaswa kubaki. Hangeweza kuwa fundi wa mitambo, mpiga mizinga wala mtumaji wa mawasiliano, sembuse kuwa afisa. Hata akitumikia kwa miaka mingi, hakuwa na mamlaka ya kumwamuru baharia mweupe aliyeingia jeshini jana.

Waliothubutu kulalamika walikiona cha mtema kuni. Mnamo 1940, wahudumu weusi 15 wa manowari ya USS Philadelphia waliandika barua kwa gazeti la Pittsburgh Courier, lililosomwa sana na jamii ya watu weusi, wakieleza madhila waliyopitia na kuwatahadharisha akina mama wasiwaruhusu wana wao kujiunga na Jeshi la Wanamaji wakidhani kuna jingine la kufanya isipokuwa kutandika vitanda na kuosha vyombo. Waliotia saini barua hiyo walifukuzwa jeshini.

Miller alipata mafunzo mjini Norfolk, jimbo la Virginia, akatumwa kwanza katika USS Pyro, meli ya kusafirisha silaha. Januari 1940 alihamishiwa USS West Virginia, mojawapo ya manowari kubwa za Marekani katika Bahari ya Pasifiki. Kazi yake ilikuwa ile ile ya mhudumu. Lakini katika ulingo wa masumbwi hakukuwa na mlango wa nyuma, na muda si muda akawa bingwa wa uzani mzito katika manowari iliyokuwa na mabaharia zaidi ya 1,000.

Jambo moja linafaa kuzingatiwa. Manowari inaposhambuliwa hakuna mtu anayebaki bila kazi. Hata wahudumu wa jikoni walikuwa na vituo vyao vya dharura, ambako walitarajiwa kupitisha risasi na makombora kutoka ghalani hadi kwa wapiga mizinga. Kwa maneno mengine, jeshi lililowaona kuwa hawafai kufyatua silaha liliwaona kuwa wanafaa kuzibeba, na kufa wakizibeba.

Asubuhi ya moto

Kufikia mwishoni mwa 1941 uhusiano wa Marekani na Japani ulikuwa umeharibika. Japani ilikuwa imeivamia Uchina na kuingiza majeshi yake katika eneo la Indochina lililotawaliwa na Ufaransa. Marekani ilijibu kwa kuizuilia mafuta. Watawala wa Tokyo waliamua kunyakua maeneo yenye mafuta kusini mashariki mwa Asia, na ili wasiingiliwe wakapanga kwanza kuziharibu manowari za Marekani zilizotia nanga katika bandari ya Pearl Harbor, kisiwani Oahu, Hawaii.

Meli sita za kubebea ndege zilivuka bahari kimyakimya. Zaidi ya ndege 350 zilirushwa kwa awamu mbili, na muda mfupi kabla ya saa mbili asubuhi, Jumapili ya Desemba 7, mabomu ya kwanza yakaanza kuanguka.

Miller alikuwa macho tangu alfajiri, akikusanya nguo za maafisa zilizohitaji kufuliwa. King’ora kilipolia alikimbilia kituo chake cha dharura, ghala la risasi za mizinga ya kutungulia ndege katikati ya meli. Alipofika alikuta tayari pameharibiwa. USS West Virginia ilikuwa imefungwa ubavuni mwa manowari nyingine, USS Tennessee, nayo ikawa upande wa nje, wazi kabisa kwa ndege zilizokuja zikiruka chini na kuangusha topido, yaani makombora yanayosafiri ndani ya maji. Topido saba au zaidi ziliupasua ubavu wake.

Miller alipanda sitahani. Kwa kuwa alikuwa na nguvu, afisa mmoja alimchukua ili akasaidie kumwondoa nahodha wa manowari, Kapteni Mervyn Bennion, aliyekuwa amejeruhiwa vibaya tumboni na kipande cha chuma kilichoruka kutoka USS Tennessee ilipopigwa na bomu. Walimbeba hadi mahali palipokuwa na kinga kidogo, lakini nahodha alikataa katakata kuondolewa kituoni mwake. Aliendelea kuuliza hali ya vita na kutoa amri hadi alipokata roho.

Karibu na hapo palikuwa na bunduki mbili za rashasha za kutungulia ndege ambazo hazikuwa na mtu. Luteni Frederic White alimwamuru Miller asaidie kuzijaza risasi. Maafisa waliokuwapo walitarajia kwamba mhudumu huyo angepitisha mikanda ya risasi tu, na wao ndio wangefyatua. Walipogeuka walimkuta Miller ameishika bunduki moja na kuielekeza angani, akifyatulia ndege za Japani kana kwamba ndiyo kazi aliyoizoea.

Aliendelea kwa takriban dakika 15, hadi risasi zikaisha na maafisa wakaamuru watu waondoke eneo hilo.

Je, alitungua ndege ngapi? Hapa ndipo hekaya na historia zilipochanganyika. Masimulizi ya baadaye yalimpa ndege mbili, nne, hata sita. Lakini Japani ilipoteza ndege 29 kwa jumla katika shambulio zima, na bunduki nyingi zilikuwa zikifyatua kuelekea anga ile ile kwa wakati mmoja. Hakuna ndege hata moja iliyothibitishwa rasmi kuwa iliangushwa na Miller.

Hilo halimpunguzii chochote. Lililothibitishwa na maafisa walioona kwa macho yao ni kwamba alisimama mahali palipopigwa risasi kutoka angani, akamhudumia nahodha aliyekuwa akifa, akatumia silaha asiyofunzwa, kisha akageukia kazi ambayo huenda ndiyo iliyookoa watu wengi zaidi. Alisaidia kuwakokota mabaharia waliojeruhiwa kupitia maji yaliyochanganyika na mafuta, na kuwafikisha sehemu salama ya meli. Aliondoka katika manowari hiyo pamoja na waliokuwa wa mwisho kuondoka.

USS West Virginia ilizama hadi ikakaa juu ya sakafu ya bandari. Haikupinduka, kwa sababu maafisa wake walifungulia maji upande wa pili kwa makusudi ili isilalie ubavu. Mabaharia 106 wa manowari hiyo walikufa. Kwa jumla Wamarekani 2,403 walipoteza maisha siku hiyo, na siku iliyofuata nchi yao ikaingia rasmi katika Vita vya Pili vya Dunia.

Shujaa asiye na jina

Januari 1942 Jeshi la Wanamaji lilitoa orodha ya waliostahili pongezi kwa vitendo vyao Pearl Harbor. Wengine walitajwa kwa majina. Kulikuwa pia na mtu mmoja aliyeelezwa kuwa mweusi, basi. Jina lake halikutolewa.

Magazeti ya watu weusi hayakulinyamazia jambo hilo. Pittsburgh Courier na chama cha kutetea haki za watu weusi cha NAACP vilitaka kujua mtu huyo ni nani. Wiki ziligeuka kuwa miezi. Hatimaye, mnamo Machi 1942, mwanahistoria Lawrence Reddick alitangaza kwamba amelipata jina kutoka kwa Jeshi la Wanamaji lenyewe: Doris Miller.

Habari zilienea kama moto wa kiangazi. Katika Bunge la Congress, Seneta James Mead wa New York na Mbunge John Dingell wa Michigan waliwasilisha miswada ya kutaka Miller atunukiwe Nishani ya Heshima, ambayo ndiyo ya juu zaidi kwa mwanajeshi wa Marekani. Kapteni Bennion, ambaye Miller alimbeba, alitunukiwa nishani hiyo baada ya kufa.

Waziri wa Jeshi la Wanamaji, Frank Knox, hakuunga mkono pendekezo hilo. Knox ndiye aliyekuwa akishikilia kwamba kuwachanganya weupe na weusi katika kazi za melini kungevuruga nidhamu. Miller aliandikiwa barua ya pongezi. Shinikizo liliendelea, na mnamo Mei 11, 1942, Rais Franklin Roosevelt akaidhinisha apewe Msalaba wa Jeshi la Wanamaji, ambao wakati huo ulikuwa wa tatu kwa hadhi.

Siku ya kuvishwa ilikuwa Mei 27, 1942. Juu ya sitaha ya meli ya kubebea ndege ya USS Enterprise, katika bandari ile ile ya Pearl Harbor, Admirali Chester Nimitz, kamanda wa manowari zote za Marekani katika Pasifiki, alimbandikia Miller nishani kifuani. Hakukuwa na mtu mweusi aliyewahi kutunukiwa Msalaba huo kabla yake. Siku iliyofuata Enterprise iling’oa nanga kuelekea vita vya Midway.

Sifa bila cheo

Aliyevishwa nishani alirejea katika manowari ya USS Indianapolis, alikokuwa amehamishiwa wiki moja baada ya shambulio. Alirejea kama alivyoondoka, akiwa mhudumu wa chakula.

Pittsburgh Courier lilianza kampeni nyingine, likitaka Miller arejeshwe nyumbani azuru miji kama walivyofanyiwa mashujaa weupe. Mwishoni mwa 1942 ombi hilo lilikubaliwa. Miller alitembelea miji kadhaa ikiwemo Oakland, Dallas na Waco, akihimiza wananchi wanunue hatifungani za serikali za kugharimia vita. Aidha, alizungumza na mabaharia weusi katika kituo cha mafunzo cha Great Lakes, karibu na Chicago.

Kundi hilo la Great Lakes lilikuwa na uzito wa pekee. Mnamo Aprili 1942, katika majuma yale yale ambapo jina la Miller lilikuwa midomoni mwa watu, serikali ilitangaza kwamba kuanzia Juni mwaka huo vijana weusi wangeruhusiwa kufunzwa kazi nyingine za ubaharia mbali na za jikoni. Si Miller pekee aliyeleta mabadiliko hayo, kwani viongozi wa watu weusi walikuwa wameyapigania kwa miaka. Hata hivyo, ilikuwa vigumu kwa yeyote kuendelea kudai kwamba mtu mweusi hangeweza kupigana baharini baada ya habari zake kutangazwa.

Mnamo 1943 serikali ilichapisha bango lenye picha ya Miller akiwa na nishani kifuani, likihimiza moyo wa kujitolea. Bango hilo lilibandikwa kote nchini. Mtazamaji hangeweza kujua kwamba yule aliyechorwa alikuwa bado akipika na kuandaa meza.

Vijana waliokuja kumsikiliza Great Lakes walikuwa wakijifunza kazi ambazo yeye hakuruhusiwa kuzifanya. Wao wangekuwa wapiga mizinga na mafundi. Mlango aliosaidia kuufungua, mwenyewe hakuupitia. Juni 1, 1943, alipandishwa ngazi na kuwa mpishi wa daraja la tatu. Hicho ndicho kilichokuwa cheo chake cha mwisho.

Dakika 23 za Liscome Bay

Mwezi huo wa Juni, Miller alipangiwa USS Liscome Bay, meli mpya ya kubebea ndege. Haikuwa kubwa kama Enterprise. Ilikuwa mojawapo ya meli ndogo zilizoundwa kwa haraka wakati wa vita, zenye kinga hafifu ya chuma, ambazo kazi yao ilikuwa kurusha ndege za kuwalinda wanajeshi wanaoshuka ufuoni.

Novemba 1943 Marekani ilianza kuteka visiwa vya Gilbert, ambavyo leo ni sehemu ya nchi ya Kiribati. Mapigano makali zaidi yalikuwa Tarawa, ilhali Liscome Bay ilipangiwa kusaidia uvamizi wa Makin. Ndege zake ziliruka kwa siku kadhaa, na kufikia Novemba 23 kisiwa hicho kilikuwa kimetekwa.

Hatari iliyobaki ilikuwa chini ya maji. Kabla ya mapambazuko ya Novemba 24, nyambizi ya Japani kwa jina I-175 ilijongea kundi la meli za Marekani bila kutambuliwa. Mwendo wa saa kumi na moja na dakika 10 alfajiri, topido yake iliipiga Liscome Bay upande wa nyuma, mahali palipohifadhiwa mabomu ya ndege.

Mabomu hayo yalilipuka kwa pamoja. Mlipuko uliangaza anga, na vipande vya meli vikaanguka juu ya manowari nyingine zilizokuwa mbali. Sehemu yote ya nyuma ilitoweka, na waliokuwa humo hawakupata nafasi ya kuokoka. Moto uliteketeza sehemu iliyosalia, mafuta yakawaka juu ya maji, na baada ya dakika 23 pekee Liscome Bay ikazama.

Kati ya watu zaidi ya 900 waliokuwa ndani, ni 272 tu waliookolewa. Waliokufa ni pamoja na Admirali Henry Mullinnix, aliyeongoza kundi hilo la meli, na nahodha, Kapteni Irving Wiltsie. Mpishi Doris Miller pia hakuonekana tena. Mwili wake haukupatikana.

Habari zilifika Waco polepole. Mnamo Desemba 7, 1943, miaka miwili kamili tangu shambulio la Pearl Harbor, Connery na Henrietta Miller waliarifiwa kwamba mwana wao hajulikani aliko. Kwa mujibu wa taratibu za jeshi, ilibidi mwaka mzima upite kabla ya mtu wa aina hiyo kuhesabiwa kuwa amekufa. Novemba 25, 1944, Miller alitangazwa rasmi kuwa marehemu. Wazazi wake hawakupata mwili wa kuzika.

Deni linalolipwa polepole

Mabadiliko aliyoyaashiria yaliendelea bila yeye. Machi 1944 Jeshi la Wanamaji lilipata maafisa wake wa kwanza weusi, watu 13. Mnamo Julai 1948 Rais Harry Truman alitoa agizo la kukomesha ubaguzi wa rangi katika majeshi yote ya Marekani, ingawa wahudumu wa jikoni waliendelea kuwa weusi na Wafilipino kwa miaka mingi baada ya hapo.

Manowari aliyoipigania nayo haikufia pale ilipozama. USS West Virginia iliopolewa mnamo 1942, ikakarabatiwa, ikarejea vitani. Mnamo Septemba 2, 1945, ilikuwa miongoni mwa manowari zilizokuwa katika Ghuba ya Tokyo wakati Japani ilipotia saini hati za kusalimu amri.

Mwaka wa 1973 Jeshi la Wanamaji lilizindua rasmi manowari ya USS Miller, iliyohudumu hadi 1991. Mnamo 2010 sura yake ilichapishwa kwenye stempu ya posta. Shule, bustani na barabara katika miji kadhaa ya Marekani zimepewa jina lake, na Waco, mji uliomlea kwa ubaguzi, ulimjengea mnara wa ukumbusho kando ya mto Brazos.

Heshima kubwa zaidi ilitangazwa Januari 20, 2020, siku ya kumkumbuka Martin Luther King. Jeshi la Wanamaji lilisema kwamba mojawapo ya meli zake kubwa za kubebea ndege zinazotumia nishati ya nyuklia itaitwa USS Doris Miller. Meli za aina hiyo zimezoeleka kubeba majina ya marais na ya wakuu wa jeshi na siasa. Hakuna nyingine iliyokuwa imepewa jina la Mmarekani mweusi, wala la baharia wa kawaida asiye afisa.

Lakini suala la Nishani ya Heshima lingali na utata wake. Vita vilipokwisha mnamo 1945, hakukuwa na mwanajeshi mweusi hata mmoja aliyekuwa ametunukiwa nishani hiyo kwa ushujaa wake vitani humo. Ilikuwa hadi 1997 ambapo Rais Bill Clinton aliwatunuku weusi saba, wote wa jeshi la nchi kavu, sita kati yao wakiwa wamekwisha kufa. Miller hakuwamo. Mbunge Eddie Bernice Johnson, mzaliwa wa Waco, alilipigania suala hilo kwa miaka mingi bungeni bila kufua dafu, hadi alipostaafu mapema 2023 na kufariki mwishoni mwa mwaka huo.

Wapo wanaosema kwamba Msalaba wa Jeshi la Wanamaji ulitosha, kwa kuwa haijulikani kama alitungua ndege. Hoja hiyo inasahau kwamba Kapteni Bennion hakutungua ndege yoyote. Alitunukiwa kwa sababu ya kukataa kuacha kituo chake hadi pumzi ya mwisho, na alistahili. Miller alisimama hatua chache kutoka alipolala nahodha huyo, chini ya ndege zile zile, kwenye kituo ambacho jeshi lake lilikuwa limemwambia si chake.

Katika makaburi ya kitaifa jijini Honolulu, yaliyo ndani ya bonde la volkano iliyozimika, kuna kuta za mawe zilizoandikwa majina ya maelfu ya wanajeshi waliopotea vitani katika Pasifiki. La Miller limo. Majina ya maafisa na ya wapishi yamechongwa kwenye kuta zile zile, bila kutenganishwa kwa rangi.